Nyusi ya Marehemu

Benchi la Kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja. Limeegemea ukuta wa kibanda chake, chini ya picha ya mitindo ya nywele ambayo yeye mwenyewe hajui kuinyoa hata mmoja. Hapo ndipo ninapoweka jiko langu la mkaa na birika la kahawa kila asubuhi, tangu kituo cha televisheni kiliponipa barua ya kustaafu na saa ya ukutani isiyotembea. Wateja wangu wa kudumu ni watatu. Kinyozi, anayezungumza kuliko anavyonyoa. Breki, dereva wa basi mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu humalizi sentensi kabla hajakusimamisha. Na Marehemu, fundi viatu wa hapo mkabala, mzima wa afya, aliyekufa mara kumi na moja kwenye televisheni na hakupewa hata siku moja neno la kusema. Mimi wananiita Bi Poda, maana nilipaka watu nyuso pale kituoni miaka ishirini na tisa. Asubuhi hiyo ninayoisema, katikati ya benchi, mahali anapokaa Breki siku zote, palikuwa na vichwa viwili vyeupe vya plasta, vimefumba macho.

Breki alipofika alivisukuma kando apate pa kuweka makalio.

Marehemu: Hapo pana mwenyewe.

Breki akaruka kama amekalia jiko.

Breki: Nani?

Marehemu: Hakuna mtu. Nafanya mazoezi.

Breki: Mazoezi ya kunitoa roho?

Kinyozi: Mwache, ndugu yangu. Tangu alfajiri yuko hivyo. Mteja wangu wa kwanza kaondoka na nusu ya kichwa, kila akitaka kukaa anaambiwa pana mwenyewe.

Maneno hayo matatu ndiyo yaliyomnyima usingizi wiki nzima. Kuna watu wa filamu walikuwa wamekodi nyumba mtaa wa nyuma, na wakamchagua acheze mzee anayemzuia mgeni kukalia kiti cha marehemu mkewe. Anasema maneno matatu, basi. Lakini filamu hiyo ina sehemu nyingine, siku ya harusi ya huyohuyo mzee, miaka thelathini na kitu nyuma. Zamani wangetafuta kijana anayefanana naye. Siku hizi wanamchukua mzee mwenyewe na kompyuta inamfuta makunyanzi. Ila kompyuta haibahatishi. Inataka kuona mtu alikuwaje. Wakamwambia saa nne watamtuma binti aje kuchukua sura yake ya ujana, na kama haipo, maneno matatu anapewa mzee wa mtaa wa tatu, mwenye albamu nzima ya picha.

Kinyozi: Hivi kweli, miaka yote ile ya televisheni, hakuna picha yako hata moja?

Marehemu: Kanda walizifuta wakarekodia mpira.

Breki: Zote?

Mimi: Zote. Kanda zilikuwa chache na mechi zilikuwa nyingi.

Kinyozi: Na za nyumbani?

Marehemu: Mchwa.

Breki: Za magazetini je? Si walikuwa wanawaandika?

Marehemu: Mimi nilikuwa chini ya shuka. Kwenye picha moja kidole changu cha mguu kinaonekana. Ninayo.

Akaitoa mfukoni, imekunjwa mara nne. Kweli, kilikuwa kidole chake. Tukakisifu.

Sasa vile vichwa. Kituo kilipohamia jengo jipya walitupa kila kitu cha stoo, nami nikaokota viwili hivyo kwa sababu vilikuwa vizito. Kimoja kikashika mfuniko wa pipa langu la maji, kingine kikazuia mlango usigongwe na upepo. Kila nilipopaka nyumba rangi, chokaa iliyobaki nilivipaka na vyenyewe, mikono sita au saba, ndiyo maana pua zimevimba na midomo imefutika. Kimoja kilikuwa uso wa Marehemu akiwa na miaka thelathini na moja, niliouchukua kwa plasta juu ya uso wake mwenyewe. Kingine kilikuwa uso wa Daktari.

Daktari alikuwa ndiye nyota wa mchezo wa televisheni wa kila Jumatano, uleule aliofia Marehemu. Alipopita mtaani watu walimpelekea watoto wenye homa. Alijaribu kuwaeleza kwamba ni mchezo tu, hawakumwelewa, akaishia kuwaandikia wapumzike na kunywa maji. Kusema kweli waliopona walikuwa wengi. Marehemu kazi yake ilikuwa kulala mezani, Daktari amfunike shuka na kutikisa kichwa.

Kinyozi: Mimi nasema wewe ndiye huyu mwenye pua iliyonyooka.

Breki: Ndiye. Tazama hilo paji. Mtu mwenye msimamo.

Kinyozi: Huyu wa pili taya lake kama mlango wa gereji.

Marehemu alikuwa anapapasa vichwa vyote viwili, mkono mmoja huku, mmoja huku, kisha anapapasa uso wake mwenyewe. Nikaona anazidi kuchanganyikiwa.

Marehemu: Jamani, nani amewahi kujiona akiwa amefumba macho?

Breki akafumba macho, akajipapasa pua.

Breki: Bi Poda, si wewe uliyevitengeneza? Tuambie basi, tumalize.

Mimi: Chokaa ni nyingi mno.

Huo haukuwa uongo. Lakini haukuwa ukweli wote. Namna ya kuvitambua nilikuwa naijua, na nilikuwa nimeifungia kinywa miaka thelathini na minne kwa makubaliano ya watu wawili. Nikamwaga kahawa kwenye vikombe. Saa tatu ilikuwa imepita kidogo.

Kinyozi: Mimi nilisikia zamani mlikuwa mnatumia damu ya kweli. Ile ya machinjioni.

Mimi: Nani kakwambia? Televisheni ilikuwa nyeusi na nyeupe. Damu ilikuwa kahawa nzito na sukari. Hiihii unayokunywa.

Kinyozi akatazama kikombe chake, akakiweka chini, akakichukua tena.

Mimi: Nyekundu halisi ingetoka nyeusi kama lami. Mtangazaji ukimpaka rangi ya mdomo ile ya dukani, anatokea kama amekula mkaa. Na poda tulikuwa na kopo moja tu, limeagizwa kutoka ng'ambo, rangi ya unga wa ngano. Kila uliyempaka alionekana ametoka kwenye mashine ya kusaga. Ikabidi nichanganye na kakao ya kunywa.

Breki: Ndiyo maana habari za zamani zilikuwa tamu!

Mimi: Msomaji wa habari mmoja alikuwa anajilamba akisoma. Watu wakadhani ana huzuni kwa ajili ya taifa.

Marehemu akacheka, halafu akakumbuka saa, akaacha.

Mimi: Ikaja televisheni ya rangi, kila kitu kikaumbuka. Kahawa ikaonekana kahawa. Tukaanza kupika damu ya sukari na rangi ya keki. Nzuri sana, nyekundu, inang'aa. Ila sukari ni sukari. Siku ya kwanza tu sisimizi walikuja kutoka kila pembe ya studio. Huyu kalala mezani amekufa, wanampanda shingoni, wanaingia sikioni, wengine wanachungulia pua, na kamera inaendelea.

Kinyozi: Akafanya nini?

Mimi: Akafa. Hakutikisa hata ukope. Dakika nne nzima. Daktari mwenyewe ndiye aliyekimbia.

Marehemu: Sisimizi hawasumbui. Wanaosumbua ni nzi.

Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo kumsikia akisema jambo kwa sauti yake. Haya maneno matatu ya filamu alikuwa anayasema kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi.

Breki: Breki hapo! Hiyo yote ni hadithi ya kuwalaza watoto. Mimi siri naijua. Kila mwigizaji mkubwa duniani ana pacha. Wanawatafuta tangu hospitalini. Mmoja anakufa kwenye picha kweli kabisa, wa pili anatoka anahojiwa kwenye magazeti, anasema ilikuwa kazi ngumu.

Kinyozi: Na anayekufa kwenye picha tatu?

Breki: Hao ni mapacha wanne. Wapo. Ni ghali, lakini wapo.

Kinyozi: Marehemu kafa mara kumi na moja.

Breki akamtazama Marehemu kwa muda, kama anahesabu mama yake alikuwa mkubwa kiasi gani.

Breki: Huyu ni wa hapahapa kwetu. Nasema wakubwa.

Kinyozi: Wewe unafikiri kidogo sana. Mapacha wa nini siku hizi? Yule anayesoma habari za saa mbili si mtu. Miaka kumi namtazama, hajapiga chafya hata mara moja. Nani katika ninyi amekaa miaka kumi bila chafya? Yule wamemtengeneza. Jioni wanamwasha, wakimaliza wanamzima, wanamfunika na kitambaa.

Mimi: Anapiga. Poda ikimwingia puani anapiga mpaka machozi. Tulikuwa tunamwachia amalize kabla hatujaanza.

Kinyozi: Hizo zilikuwa enzi zako, mama. Wa sasa ni mpya. Umewahi kuona miguu yake?

Breki: Kwanza mbona mnaishia kwenye televisheni? Mnauona ule mlima?

Tukageuka. Mlima ulikuwepo, mbali, nyuma ya mapaa, wa bluu kidogo.

Breki: Nimeendesha basi miaka thelathini na moja, njia zote, mvua na jua. Sijawahi kuufikia. Kila nikienda upande ule, barabara inapinda. Nani katika mtaa huu ana shangazi anayeishi kule? Hakuna. Ule mlima umewekwa.

Kinyozi: Na nani?

Breki: Na hao hao. Tupate kitu cha kutazama.

Kinyozi: Basi labda na sisi tumewekwa.

Mimi: Mngekuwa mmewekwa, wangewawekea benchi lenye miguu minne.

Wakacheka mpaka tofali likasogea na vichwa vikataka kuanguka. Marehemu akavidaka vyote viwili, akavikumbatia kifuani. Hakucheka. Macho yake yalikuwa mwisho wa mtaa, anakotokea mtu anayetoka nyumba ya filamu.

Kinyozi aliona, akataka kumchangamsha. Ana ulimi mrefu lakini moyo anao.

Kinyozi: Hebu tupe ile ya bomu, kaka. Upate nguvu.

Nikainama kuchochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

Marehemu ana nyusi moja nzima, ya kulia. Ya kushoto imekatika katikati, ngozi tupu, upana wa kidole, kama njia ya panya kwenye majani. Mtaa mzima unajua ni kazi ya bomu. Nilipoanza kuuza kahawa hapa, bomu lenyewe lilikuwa fataki. Mwaka uliofuata likawa debe la petroli. Kufikia mwaka jana lilikuwa lori.

Marehemu: Leo sitaki.

Kinyozi: Aa! Lori likaja hivi, limejaa petroli...

Marehemu: Treni.

Kinyozi: Enhe! Treni!

Marehemu: Treni ya petroli. Fundi wa milipuko akahesabu, moja, mbili, akapotea kwenye hesabu. Watu wote wakakimbia. Mimi nilikuwa maiti. Maiti hakimbii. Nikabaki nimelala, moto ukapita juu yangu. Wakauliza, Marehemu, uko hai? Sikujibu, kwa sababu kamera ilikuwa bado inakwenda.

Breki: Huyo ndiye mwanamume!

Bomu hilo nalijua vizuri. Nilikuwepo.

Binti alitokea saa nne kasoro dakika tano. Mwembamba, begi mgongoni, miwani, viatu vya kukimbilia. Mkononi alikuwa na kitu kama simu iliyonenepa.

Binti: Shikamooni.

Sisi: Marahaba.

Binti: Natafuta baba mmoja anaitwa... wameniandikia hapa Marehemu. Sijui wamekosea?

Kinyozi: Hawajakosea. Ndiye huyu, na leo hajambo.

Binti alimpa Marehemu mkono kwa adabu, akachuchumaa mbele ya benchi na kuvitazama vile vichwa kama mtu anayetazama watoto wachanga. Akaniambia hajawahi kuvishika vya namna hiyo, chuoni waliviona kwenye picha tu. Nikampenda kidogo. Akatueleza kazi yake: atakizunguka kichwa na mashine hiyo, itapiga picha mia tatu, kompyuta iziunganishe, ipate sura yenye mbele na nyuma. Kisha italinganisha na uso wa Marehemu wa leo.

Mimi: Inalinganisha nini? Yeye amezeeka.

Binti: Mifupa, bibi. Umbali wa jicho na jicho, upana wa taya. Ngozi inashuka, mifupa haiondoki. Inanipa nafasi moja tu ya kulinganisha; nikichukua kichwa kisicho chenyewe itakataa, na leo ndiyo siku ya mwisho. Jioni mwongozaji anafunga orodha.

Breki: Ikikataa?

Binti: Watampa yule mzee mwingine. Samahani, baba. Ndivyo walivyosema. Sasa, kipi ni chako?

Kinyozi akaonyesha chenye pua iliyonyooka. Breki akaonyesha hichohicho. Marehemu akawatazama, akatazama vichwa, kisha nikaona mabega yake yanapanda kidogo, kama mtu anayejaribu koti la dukani akajiona kwenye kioo.

Marehemu: Hiki.

Binti: Una uhakika, baba?

Marehemu: Uso ni wangu, mwanangu.

Binti akapiga magoti, akawasha mashine. Ikatoa taa ya bluu, ikaanza kulamba ile pua.

Sikuwa na muda wa kuchagua maneno. Nilikuwa namtazama mtu aliyelala na sisimizi masikioni bila kulalamika, anakwenda kupoteza maneno matatu kwa ajili ya pua ya mwenzake. Na njia ya kumzuia ilikuwa kumvua nguo mbele ya watu. Kumvua yeye na kujivua mimi.

Mimi: Kinyozi, nipe wembe.

Kinyozi: Wa nini, mama?

Mimi: Wa kunyolea. Kwani kibandani kwako una wembe wa namna gani?

Akanipa. Nikakichukua kile kichwa cha pili, chenye taya la mlango wa gereji, nikakiweka mapajani juu ya aproni yangu.

Marehemu: Dada.

Miaka yote hiyo alikuwa hajaniita dada mbele ya watu. Aliniita hivyo siku moja tu, tena kwa pua, kwa kuwa mdomo ulikuwa umefungwa.

Mimi: Unataka kusema maneno yako au hutaki?

Akakishika kikombe chake kwa mikono miwili. Nikaanza kukwangua, juu ya jicho la kushoto. Chokaa nyeupe ikatoka. Ikaja ya kijani, ya mwaka niliopaka nyumba kijani. Ikaja nyeupe tena, ikaja ya bluu, ambayo niliijutia. Binti akazima mashine akasogea. Kinyozi akasimama nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza nilimwona anatazama wembe ukifanya kazi bila kusema neno. Nikafika kwenye plasta yenyewe, ya kijivu. Nikapuliza.

Vinyweleo vilikuwa pale. Nilivihesabu tisa, vyeusi tii, vimeota kwenye plasta.

Breki: Mungu wangu. Jiwe limeota nywele.

Mimi: Si jiwe, wala halijaota. Ni nyusi yake. Niliing'oa mimi.

Kinyozi: Na bomu?

Mimi: Bomu halikuwepo.

Nikawaambia kama ilivyokuwa. Ukitaka kumwagia mtu plasta usoni upate sura yake, unamtia mirija puani apumue, kisha unampaka mafuta mazito kila penye nywele, zisishikwe na plasta. Hilo ndilo somo la kwanza. Mkufunzi aliyeletwa kutufundisha kazi hiyo alikaa nasi wiki mbili akaondoka. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kumfanya peke yangu, tulitaka kumtengenezea maiti anayeoza kila Jumatano kidogokidogo, na vidonda bandia vya mpira lazima vikae sawasawa na uso wake. Nikapaka nyusi ya kulia. Hapo mtu akaja mlangoni kuniuliza ufunguo wa stoo. Nikamwonyesha, nikarudi, nikamwaga plasta. Ilipokauka nikavuta. Uso ukatoka vizuri sana. Kipande cha nyusi ya kushoto kikabaki ndani. Nilipomimina kichwa kwenye lile umbo, vinyweleo vikahamia humo.

Breki: Hakupiga kelele?

Marehemu: Ningepigaje, na mdomo una plasta?

Kinyozi: Sasa bomu lilitoka wapi?

Marehemu mwenyewe akaweka kikombe chini.

Marehemu: Mkubwa wa studio aliingia. Damu inanichuruzika mpaka kidevuni, ya kweli safari hiyo. Akauliza kumetokea nini. Huyu dada alikuwa ameingia pale kituoni na ufagio, na mkubwa alikuwa anatafuta sababu ya kumrudishia ufagio wake. Nikasema ni bomu la mchezo wa jana.

Mimi: Jana yake hakukuwa na mchezo. Ila mkubwa alikuwa mvivu wa kusoma ratiba.

Kinyozi: Kwa hiyo bomu hakuna.

Marehemu: Lipo. Limekaa hapo linamimina kahawa.

Breki akacheka peke yake. Kinyozi alikuwa ameumia.

Kinyozi: Miaka kumi na mitano nawasimulia wateja! Nimemnyoa mkuu wa polisi nikamsimulia bomu!

Mimi: Msimulie na hii.

Kinyozi: Nyusi iliyong'olewa na mwanamke? Nani atarudi kunyoa?

Marehemu hakuwasikiliza. Alikuwa amekichukua kile kichwa kutoka mapajani mwangu, ameinamisha, anapitisha kidole kwenye vile vinyweleo tisa, taratibu, halafu kwenye ile njia ya panya usoni kwake. Sijui alitarajia nini. Mimi nilikuwa natafuta kitambaa cha kufutia wembe.

Marehemu: Taya langu kweli lilikuwa hivi?

Mimi: Bado liko hivyo. Ndevu tu ndizo zinazokuficha.

Binti akapokea kichwa kwa mikono miwili, akakiweka pembeni mwa kile cha kwanza, akakizunguka. Taa ya bluu ikapita kwenye taya, kwenye masikio, kwenye nyusi. Kisha akamgeukia Marehemu mwenyewe, akamzungushia na yeye. Alivyotulia! Hakupumua. Kazi hiyo anaijua. Binti akatazama kioo cha mashine, tukamtazama binti.

Binti: Imekubali.

Breki akampiga Marehemu mgongoni mpaka kahawa ikamwagika. Kinyozi, pamoja na kununa kwake, akasema atamnyoa bure kabla ya kwenda, na mtindo achague mwenyewe pale ukutani. Marehemu akakataa haraka.

Binti: Baba, hiyo nyusi. Kwenye sehemu ya harusi, niijaze au niache ilivyo?

Marehemu akafikiri.

Marehemu: Huyo wa plasta, asubuhi ya siku ile alikuwa nazo mbili.

Binti: Basi nakujazia.

Marehemu: Jaza. Ya mzee iache.

Binti akatoa karatasi ndogo za kubandika na kalamu. Akasema kazini kwake hawajawahi kupata vichwa vya enzi zile, angependa kuchukua picha za vyote viwili zikahifadhiwe, nikimkubalia. Nikamkubalia, mradi vichwa vyenyewe nibaki navyo, mlango wangu usije ukapigapiga. Akazungusha mashine kwenye kile chenye pua iliyonyooka. Akaandika karatasi ya kwanza, akaibandika chini ya shingo ya kichwa cha Marehemu, jina lake kamili, ambalo hata mimi lilinishangaza. Akashika karatasi ya pili.

Binti: Na huyu ni nani?

Kinyozi: Daktari.

Binti: Daktari nani?

Kinyozi: Daktari. Nchi nzima inamjua.

Binti: Ndiyo, lakini jina lake?

Kinyozi akafungua mdomo. Akamgeukia Breki.

Breki: Si yule mwenye gari jeupe! Alikuwa na gari jeupe, nilikuwa nampisha barabarani.

Kinyozi: Siku aliyozikwa barabara zilifungwa. Mimi nilikuwa mdogo, nilipanda juu ya ukuta.

Binti: Waliandika nini kwenye matangazo ya msiba?

Kinyozi: Daktari hatunaye tena.

Wakanitazama mimi. Nilimpaka mtu huyo poda miaka tisa, kila Jumatano. Nilijua ana kovu chini ya kidevu na jinsi ya kulifunika. Nilijua jicho lake la kulia linatoa machozi kabla ya la kushoto, na kwamba akiwa na njaa hagusiki. Kwenye mlango wa chumba chake waliandika Daktari. Kwenye ratiba, Daktari. Nami asubuhi nilimwambia, Daktari, inua kidevu. Nikalitafuta jina, nikalitafuta, likawa halina hata herufi ya kuanzia.

Mimi: Marehemu, wewe je? Alikufunika shuka mara kumi na moja.

Marehemu: Mimi nilikuwa nimefumba macho.

Binti akangoja. Kalamu ilikuwa imegusa karatasi, ikaacha nukta.

Breki alichoka kusimama. Tangu asubuhi alikuwa hajapata nafasi yake, na mambo sasa yalikuwa yamekwisha. Akashika kile kichwa chenye pua iliyonyooka, apate kukiteremsha chini, karibu na tofali.

Marehemu: Hapo pana mwenyewe.

Alisema polepole, wala hakumwangalia Breki. Ile sauti ya barua ya kufukuzwa kazi haikuwepo. Binti aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

Breki akakiachia kichwa, akabaki amesimama na kikombe chake mkononi. Akaninyooshea nimwongezee. Nikainamisha birika mpaka mwisho, yakatoka mashapo tu.